Wenyewe wa Huko Uendako

Basi nikarudi naye begani, minyiri imenizunguka shingo kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa, wino umenichuruzika mpaka kiunoni, na mimi napiga vigelegele peke yangu toka pwani mpaka uani kwa bibi yako. Nilikuwa bibi arusi, hata hina mkononi haijafifia. Nikasema leo hawa watu wa pwani watanijua. Na kweli walinijua.

Kisa hiki cha pweza umekisikia, Mwaija, tangu nakubeba mgongoni. Lakini mwisho wake huujui vizuri, maana hapo kwenye vigelegele watu huanza kucheka, na wakishacheka nani tena anasikiliza. Leo nakimaliza. Humu ndani hakuna wa kunicheka ila ba'mdogo wako Bakari, na yeye ameshika kalamu. Mimi kalamu sijaishika ila kumwokotea mtu. Bakari amekaa Mtwara miaka mingi, mkono wake mzuri, lakini ana tabia ya kuyanyoosha maneno ya watu. Bakari, yangu usiyanyooshe. Andika yalivyo.

Anasema nipunguze sauti, ukuta huu wa mianzi si ukuta, na ninyi mko hapo uani mnafunga mzigo. Mimi sijui kupunguza. Tangu nizaliwe naongea na watu walio ng'ambo ya shamba.

Ya sweta na soksi sitayasema, shangazi zako wameyasema tangu juzi mpaka wamekauka. Ya sala unayajua. Ya wanaume unajidai unayajua. Ningekwambia langu kwa mdomo, lakini wewe nikisema neno moja unarudisha matatu, umetoka kwangu, sina wa kumlaumu. Karatasi haijibu. Utaisoma ukiwa juu kwenye ndege, hakuna pa kukimbilia.

Na neno langu ni moja, mengine yote ni mapambo yake. Ile siku mtakayopokelewa na wenyewe wa nchi ile unakokwenda kusoma, hao Wamaori, uende. Usiende kazini siku ile. Uende ukasimame langoni na wenzako mpaka muitwe.

Haya, pweza.

Mimi ni mtu wa Mbau, wa bara. Baba yako, Mungu amrehemu, alinikuta huko alipokuja na matenga ya papa mkavu, akarudi huku Palma na matenga matupu na mke. Bahari nilikuwa sijaiona. Nilipoiona mara ya kwanza nikauliza ng'ambo yake wanalima nini. Mpaka leo wifi zangu wakinikuta nimekaa kimya wananiuliza, "Wifi, huko ng'ambo wameshavuna?"

Ikaja siku ya bamvua kubwa. Maji yamekupwa mpaka mwamba wote umelala nje kama ng'ombe, wanawake wanatoka na vikapu na vijiti vyao vya chuma. Bibi yako akaniambia, mkwe wangu, leo tembea na mimi, wewe tazama tu. Mgeni siku mbili, wanasema, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilijipa mwenyewe. Yeye kainama huku, mimi nimekwenda kule. Nikakuta tundu chini ya jiwe, mbele yake magamba ya chaza yamerundikwa kama jaa la nyumba. Nikachokoa kama nilivyoona wenzangu wanachokoa. Akanishika mkono, nami nikamshika. Tulipigana, Mwaija. Alikuwa mkubwa kama begi hilo lako.

Sasa sikiliza. Huko Mbau ukikuta mzinga wa nyuki porini huugusi. Mwenyewe yuko mbali, pengine amekwenda Tanganyika, lakini kila mtu anajua mzinga una mwenyewe. Hilo nililijua tangu mtoto. Lakini mwamba? Nani aliupanda mwamba? Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, sikuona mtu. Nikachukua.

Nilipofika uani na vigelegele vyangu hakuna aliyeitikia. Wifi zangu wakainamisha vichwa kwenye mchele. Bibi yako akaniuliza nimemtoa wapi. Nikamwelekeza, kule kwenye jiwe lenye mgongo. Akakaa chini polepole.

"Huyo ana mwenyewe," akasema.

"Mama, sikuona mtu."

"Ulimtafuta?"

Basi. Hilo tu. Angeweza kunigombeza mtaa mzima ukajaa, na angekuwa na haki. Aliniuliza hivyo tu.

Kumbe pale kila pango lina mwanamke wake. Mama humwachia binti, binti humwachia wake. Hakuna alama, hakuna kamba, lakini hata mwehu anajua. Na pango lile lilikuwa la Bi Sharifa, yule jirani, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Alikuwa anamwona pweza yule kila bamvua na anamwacha akue, maana binti yake yuko karibu kujifungua, na supu ya pweza ndiyo inayoleta maziwa. Mimi nimebeba maziwa ya mtoto wa watu begani, napiga vigelegele.

Bibi yako akajifunga vizuri kapulana yake kiunoni, akaniambia mchukue tumrudishe. Tukaenda, watu wote njiani wanatutazama. Tukapiga hodi, Bi Sharifa hakuitika. Tukapiga tena. Yumo ndani, tunamsikia anakohoa. Akatuacha juani mpaka pweza akaanza kubadilika harufu. Na bibi yako hakusema, huyu ni mtoto wa bara hajui, mimi simo. Alisimama na mimi bega kwa bega kama naye ameshika mguu mmoja wa pweza. Hapo ndipo nilipompenda yule mwanamke. Mume nilikuwa bado namzoea, lakini mkwe nilishampenda.

Bi Sharifa akatoka. Pweza hakumtazama. Alinitazama mimi uso.

Uso wangu unaujua, umeukuta hivi ulipozaliwa, pengine hata huuoni tena. Chale hizi za mashavuni na hii ya kidevuni, dinembo tunaziita kwetu, nilichanjwa nikiwa msichana, na mkaa ukasuguliwa humo, na nilikaa siku nyingi uso umevimba kama boga, na sikulia. Huko Mbau msichana mwenye uso mtupu alikuwa kama mlango usio na nakshi. Huku pwani nilipokuja watoto walikimbia. Wanawake walitazama pembeni wakizungumza na mimi. Bi Sharifa hakutazama pembeni. Alinyoosha kidole akaufuata mstari mmoja, akaufuata wa pili, mpaka kidevuni.

"Nani alikuchanja?"

"Mama yangu mkubwa."

"Ana mkono mzuri," akasema. "Ingia jikoni umpike."

Nikampika. Sasa hapa Bakari ameanza kucheka kabla sijafika, andika, usimwage wino. Sikujua kuwa pweza hupigwa kwanza juu ya jiwe mpaka alegee. Nilimpika kama kuku. Ilikuwa kutafuna kandambili. Bi Sharifa alitafuna, akahamisha shavu, akatafuna tena, akasema, huyu mpaka mjukuu wangu aote meno ndipo nitakapommeza. Ndipo tukacheka wote, yeye, bibi yako, mimi, na yule binti yake na tumbo lake ambaye tulimwomba asicheke sana. Kesho yake Bi Sharifa alinifundisha kumpiga pweza. Kimwani, lugha ya hapa pwani, alinifundisha yeye, tukiwa tunapiga, neno moja pigo moja. Na baadaye akanionyesha pango dogo upande wa kusi, akasema, hili lilikuwa la dada yangu, hakuacha binti. Pango hilo ndilo lililokulisha wewe, na ndilo lililonunua daftari zako zote.

Kwa hiyo mimi najua kuwa mgeni. Sisomi, lakini hilo nimelisomea.

Nakwambia haya kwa sababu ya ile simu.

Mungu ambariki kaka Anselmo. Mtoto wa Pemba, mji wetu huu, siyo kile kisiwa, hatuna undugu naye, na amekubali kukupokea huko Nyuzilandi, amekutafutia chumba, kila Jumapili anapiga simu, sisi asubuhi, kwao usiku. Sitamsema vibaya. Lakini ulikuwa umeweka simu mkekani inasema kwa sauti, mimi napepeta mchele, nikasikia yote. Ulimweleza kwamba chuo kimewaandikia, kwamba ninyi wageni wote mtapelekwa kwenye nyumba kubwa ya Wamaori, kwa kuwa ardhi ile ni yao tangu kale, Wazungu waliwakuta. Kwamba mtasimama langoni, hamwingii, mpaka mwanamke mzee wa mle ndani apaze sauti awaite. Na kwenu atoke mwanamke mmoja amwitikie. Ndipo mnaingia, mnazungumza, mnaimba wimbo, mnagusanisha pua na wenyeji mpaka pumzi yako na yake inakuwa moja, kisha mnakula.

Nikaacha ungo. Nikasema moyoni, hao ni watu. Watu ambao sauti ya kwanza kumfikia mgeni ni ya mwanamke mzee, hao nawajua mimi. Nikimaliza mchele huu nawapelekea salamu.

Kaka Anselmo akacheka. Akasema dada Mwaija, usipoteze siku. Akasema wale hawana lolote, wavivu, wanakunywa, wanasubiri serikali, jela zimejaa wao. Lugha yao ni ya nyimbo tu, haikupi kazi, wewe shika Kiingereza. Akasema siku hiyohiyo amekupatia nafasi pale anapofanya kazi, kwenye kufungasha matunda, usipofika siku ya kwanza nafasi inakwenda. Kisha akasema, "Wanawake wao wazee wamejichora mpaka videvuni. Ukiwaona usiogope."

Ukaniangalia kidevu, Mwaija.

Halafu ukasema, "Sawa, kaka."

Sikusema kitu. Mimi nisiseme kitu. Shangazi yako Zaituni alinijia akanishika paji la uso, akadhani nina homa.

Siyo chale zangu zilizoniuma. Chale zangu zimezoea. Jioni ulinionyesha picha ya mmoja wao kwenye simu, hukuniambia kwa nini unanionyesha, na mimi sikuuliza. Nilimtazama. Nilimwona mama yangu mkubwa amevaa koti. Kidevu kile, na macho yale ya mtu anayejua nani anaingia kwake na nani anatoka. Nikakwambia mwanamke mzuri huyu, ukasema ndiyo, ukazima simu. Kilichoniuma ni "sawa" yako. Kwa sababu najua wewe ni nani. Umesahau Pemba?

Siku ulipomaliza chuo Pemba, ulipovaa lile joho na kofia ya pembe nne, nilikuja na ushungi nimeuteremsha mpaka puani. Wenzako mama zao walikuwa na viatu vya kisigino na nywele za kununua. Nikasema nitakaa nyuma, nitashangilia kutoka nyuma, mwanangu asiulizwe maswali. Mpiga picha akatuita. Ukaja, ukanishika mkono, ukanisimamisha mbele ya wale wote, ukashika ushungi wangu kwa vidole viwili, ukaufunua. Ukasema, "Mama, piga na uso wako." Kwa Kireno ukamwambia yule mpiga picha jambo, akatingisha kichwa, akasogea karibu zaidi. Sijui ulimwambia nini. Sijawahi kukuuliza. Lakini picha ile ipo ukutani hapa, Bakari anaitazama sasa hivi, na kila anayeingia nyumba hii namwonyesha hata kama amekuja kuomba chumvi. Nimezaa watoto sita na nimezika mume, nimeona vita viwili, lakini sijapata kusimama nimenyooka kama siku ile.

Aliyefunua uso wangu ndiye huyohuyo aliyesema "sawa, kaka". Nimekaa nikifikiri, nikasema, hapana, huyu anaogopa. Nchi ya mbali, baridi, hana mtu ila Anselmo. Mgeni akiogopa hushika mkono wa kwanza anaoupata. Nami nilikuwa hivyo.

Na Anselmo pia namwelewa. Ngoja nikwambie nilivyomwelewa, maana hapa ndipo dona Grasa anapoingia.

Tangu waseme chini ya bahari yetu kuna gesi, Palma hii imejaa. Wewe ulikuwa Pemba, ulikuja likizo ukakuta hujui majirani. Mavientes, wote waliokuja tunawaita hivyo, wa Maputo, wa Nampula, wa Beira, Wazungu wa kila rangi. Kwenye mkutano mmoja kijana mmoja mwenye kofia ngumu alitandaza ramani, akaonyesha mwamba wetu, akasema kwa mkalimani, hapa hapana mtu. Wanawake wakatazamana. Mimi nikamkumbuka bibi yako. Nilitaka kumuuliza yule kijana, ulimtafuta? Lakini zamu ya kusema wakapewa wanaume, wakazungumza habari za ajira mpaka adhuhuri.

Dona Grasa alikuja akapanga kile chumba cha mbele. Mwanamke wa Maputo, msafi, mchapakazi, anafanya kazi ofisini huko kambi ya gesi. Mwaka mzima alipita hapo uani asubuhi bila kusalimu. Sisi tumekaa, yeye anapita kana kwamba tumetandikwa kama mikeka. Akisikia tunaongea anamwambia mwenzie kwenye simu kwa Kireno, wanaongea dialeto yao hiyo, yaani kijilugha tu. Akadhani sijui Kireno. Kireno sikijui, lakini ukisemwa unajua. Aliwaambia watu kwamba wa hapa hawapendi kazi, kwa sababu saa nne anawaona wanaume wamelala. Hakujua wameingia na samaki alfajiri. Na siku alipotuona mimi na Zaituni tumepaka msiro usoni, weupe mpaka shingoni, aliuliza kwa mkono kama tunaumwa ugonjwa wa ngozi.

Unajua nilimchukia? Nilimchukia vizuri kabisa, nilikuwa naamka mapema ili nianze.

Mpaka siku moja nikamsikia analia chumbani. Ukuta si ukuta, nimekwambia. Nikaenda na chai. Akaniambia kwa maneno yake na mikono yake kwamba huko ofisini wale wakubwa wa kizungu nao humpita hivyohivyo. Hawamsalimu. Wanaongea mbele yake Kiingereza kama ametandikwa. Nikacheka, Mwaija. Mungu anisamehe, mtu analia mimi nacheka, chai inamwagika. Nikamwonyesha mlango wangu, nikamwonyesha yeye, nikaonyesha njia anayopita asubuhi. Akaelewa. Akafunika uso kwa mikono. Halafu naye akacheka.

Sasa yuko hapo uani anakufungia mzigo, nasikia sauti yake. Uso wake jua la huku liliuchuna, akaja mwenyewe, tukamkalisha mkekani tukamsagia kijiti cha msiro juu ya jiwe, Zaituni akampaka. Alikwenda hivyohivyo kambini, mweupe kama mwali, akasema wasiposalimu leo basi wana macho ya samaki. Kiswahili chake bado kinachechemea, juzi amemwambia imamu "shikamoo mpenzi". Imamu aliitikia marahaba, lakini amekuwa anapita njia nyingine.

Ndiyo nasema nimemwelewa Anselmo. Amefika kule, hakuna anayemwona, anafungasha matunda yeye aliyesomea uhasibu. Mtu akiwa chini sana anatafuta wa kumweka chini yake, angalau mmoja, ili asiwe yeye wa mwisho. Wazungu wa kule wakamwonyesha, hawa hapa, wadharau hawa, sote tunawadharau. Naye akashukuru, akadhani amekaribishwa. Hakukaribishwa. Kamwulize ameshakula nyumbani kwa nani.

Na sisi tusijitakase. Wifi zangu walinicheka mimi wa bara, na nilipozoea pwani na mimi nikamcheka Mmakua aliyekuja baada yangu, anavyotembea juu ya mwamba kama kuku kwenye makaa. Ulevi huu wa kudharau kila mtu anaijua ladha yake. Walevi wapo, wavivu wapo, hata hapa Palma wapo, ba'mdogo wako mwingine sitamtaja. Bakari usiandike hilo. Umeandika? Basi acha.

Lakini wewe unakwenda kusoma habari za bahari. Bahari ya kule ina mapango, Mwaija, na mapango yana wanawake. Sijafika, lakini nakuapia. Watakuonyesha ramani, watakwambia hapa hapana mtu. Utamuuliza nani basi kama hukuingia langoni siku ile? Mimi niliingia pwani kwa mlango wa nyuma na pweza begani, nikahitaji mwanamke wa kusimama na mimi juani. Wewe wanakufungulia mlango wa mbele, wanakuita kwa jina la wageni wote, halafu ukafungashe matunda?

Matunda yatakuwepo. Kazi ikienda, itakuja nyingine, wewe mikono yako ni ya mwamba.

Na lugha yao jifunze, hata salamu tu kwanza. Ujifunze kabla ya kuulizwa inakupa nini. Mimi Kimwani hakikunipa kazi, kilinipa Bi Sharifa. Kiswahili hiki ninachokusemea si cha mama yangu, cha mama yangu ni Kimakonde, na hiki nakiongea mpaka wenyewe wananiomba ninyamaze.

Ulisema chuo kimewaambia kila mmoja aje na wimbo wa kwao, na kwamba wewe huna wimbo. Nilikusikia unamwambia dona Grasa, labda niimbe ule wa taifa. Mwaija. Huna wimbo? Wewe uliyelala usingizi mgongoni mwangu tunaimba? Ule tunaouimba tukifika ukingo wa mwamba kabla ya kukanyaga, umeusahau? Mmoja anatoa, wengine wanapokea:

Hodi mwamba, hodi wenyewe,
tumekuja na vikapu vitupu.

Hodi tulioukuta, hodi tutakaouacha,
tumekuja na vikapu vitupu.

Huo ndio wimbo. Utatoa wewe, wenzako hata kama ni Wachina watapokea, mstari wa kupokea ni mmoja tu. Na kama hawana mwanamke wa kumwitikia yule mzee akiita, itikia wewe. Usione haya sauti yako. Sauti hiyo ni yangu, na mimi nasikika ng'ambo ya shamba. Mwitikie kwa lugha yetu, hatajali, atasikia tu kwamba ni binti aliyelelewa. Na utakapomfikia kugusa pua, mtazame kidevu chake, umtazame vizuri bila haraka. Akikuuliza kwa nini unatazama hivyo, mwambie mama yangu anazo. Umwambie hivyo kwa sauti, mbele ya watu.

Ukishindwa kwenda, utabaki mwanangu. Sikufungii mlango. Lakini nitajua kwamba nimesafirisha mtu mwingine, siyo yule wa Pemba.

Bakari anauliza kama nimemaliza. Sijamaliza, nina ya mume wa mtoto wa shangazi yako na ya yule mbuzi, yana maana, utaona. Lakini huko uani mmenyamaza. Mbona mmenyamaza? Sisikii tena kamba zinafungwa. Bakari, wamekwenda wapi? Anasema hawajaenda popote. Anasema mko pale nyuma ya ukuta, dona Grasa na Zaituni na wewe, muda mrefu mnanisikiliza, na simu inalia hamuishiki.

Sasa mmeishika. Nakusikia. Unaongea na Anselmo. Unasema nini? Bakari, nyamaza kidogo, kalamu yako inakwaruza.

Unamwambia siku ile hutokwenda kwenye matunda.

Unamwambia tena. Ana maneno mengi huyo kijana. Sasa unaniita mimi, "Mama, njoo, anasema anataka kusikia kutoka kwako."

Atasikia. Bakari, nipe ushungi wangu. Hapana, uache. Mwambie asikate simu, naja.